Nyumba ya Mwisho Kwenye Bomba: Kwa Nini Ngozi Iliyohamishwa Huishi au Hufa

Mtoto akimwagikiwa na uji wa moto shingoni, jeraha hatimaye hupona, lakini huko kupona huwa mwanzo wa shida nyingine. Kovu hukauka, hujikunja na kuvuta kidevu kuelekea kifuani, hata mtoto hawezi kuinua uso wala kufunga mdomo sawasawa. Njia mojawapo ya kumsaidia ni kulikata kovu lile na kuweka mahali pake ngozi laini iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. Daktari mpasuaji huchora, hukata, huigeuza ngozi, hushona. Mara nyingi mambo huenda vizuri. Mara nyingine, siku chache baadaye, ncha ya ngozi ile huanza kuwa nyeusi na kukauka. Na ncha ndiyo iliyokuwa ikitegemewa, kwa sababu ndiyo iliyofika kwenye jeraha. Sehemu iliyosalimika ni ile iliyo karibu na ilikotoka, ambako haikuwa na kazi kubwa.

Katika toleo hili tumeamua kuandika juu ya ncha hiyo. Miongoni mwetu wanachama wapo wanaosomea udaktari na uuguzi, na wapo wanaosomea uhandisi, sheria na fasihi. Tumejitahidi makala haya yasomeke na wote. Swali letu ni moja: ngozi iliyohamishwa huishi kwa sababu gani, na hufa kwa sababu gani? Jibu fupi ni damu. Jibu refu lilichukua karne kadhaa kupatikana, na sehemu yake kubwa ilikuwa imekwisha kuandikwa kitabuni muda mrefu kabla ya watu kuacha kubahatisha. Ila kitabu hicho kilikuwa katika lugha ambayo wengi wa waliokihitaji hawakuisoma. Jambo hilo linatuhusu sisi wa chama cha Kiswahili kuliko linavyoonekana.

KIPANDIKIZI NA FLAPU

Kuna njia mbili kuu za kuziba pengo la ngozi. Ya kwanza ni kipandikizi. Utando mwembamba wa ngozi huchunwa, tuseme pajani, ukatengwa kabisa na ulikotoka, kisha ukalazwa juu ya jeraha. Utando huo hauna njia yake ya damu. Siku moja mbili za mwanzo hunyonya majimaji ya jeraha, kisha vijishipa vya jeraha huota na kuungana navyo. Ni kama mche wa mpunga unaong'olewa kitaluni na kuchomekwa jarubani: ukikuta tope zuri, utashika. Lakini mfupa uliobaki mtupu, au kano iliyo wazi, hauna tope hilo, na kipandikizi hakishiki. Isitoshe, kipandikizi chembamba kina tabia ya kujikunja baadaye, jambo lisilotakiwa shingoni wala kwenye kiwiko.

Njia ya pili ni flapu. Hiki ni kipande kinene, ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake, pengine hata na msuli, kinachohamishwa kikiwa bado kimeshikana na mwili upande mmoja. Sehemu hiyo iliyoshikana tutaiita kikonyo, kama kikonyo cha embe, kwa sababu kazi ni ile ile: kila kinachoingia na kila kinachotoka hupitia hapo. Flapu haitegemei tope la jeraha. Inakuja na mfereji wake.

Basi hapo ndipo penye mtego. Ngozi ikiwa mahali pake, damu huifikia kutoka chini na kutoka pande zote. Ukiinua kipande na kukiacha na kikonyo tu, umeikata mishipa yote ya chini na ya pembeni, na damu yote sasa lazima iingie kwa mlango mmoja na kusafiri hadi nchani. Aliyekulia katika miji yetu anakijua kisa cha nyumba ya mwisho kwenye bomba la maji. Nyumba za mwanzo wa mtaa zinafua na kumwagilia maua. Za kati zinapata maji usiku. Ya mwisho inasubiri mtu wa madumu. Maji hayakukatwa. Yamekosa tu nguvu ya kufika. Ncha ya flapu ni nyumba ya mwisho.

PUA YA COWASJEE

Upasuaji wa namna hii ni wa zamani sana, na haukuanzia Ulaya. Maandiko ya tiba ya Kihindi yanayohusishwa na Sushruta yanaeleza namna ya kutengeneza pua iliyokatwa kwa kutumia ngozi ya shavu. Ulaya nako, Gaspare Tagliacozzi wa Bologna alichapisha mwaka 1597 kitabu kikubwa juu ya kutengeneza pua kwa ngozi ya mkono, huku mkono umefungwa usoni kwa wiki kadhaa mpaka ngozi ishike.

Habari iliyoamsha Waingereza ilitoka India. Mnamo Oktoba 1794 jarida la Gentleman's Magazine la London lilichapisha barua iliyoeleza kisa cha mtu aitwaye Cowasjee, mwendesha magari ya ng'ombe wa jeshi la Waingereza katika vita na Tipu Sultan wa Mysore. Alitekwa, akakatwa pua na mkono mmoja. Baadaye, karibu na mji wa Pune, fundi wa jamii ya wafyatua matofali alimtengenezea pua mpya. Alifinyanga umbo la pua kwa nta, akalitandaza juu ya paji la uso na kulichora, akainua ngozi ya paji kufuata mchoro ule, akaigeuza na kuishusha mahali pa pua. Kipande kiliachwa kimeshikana na uso kwa kikonyo chembamba katikati ya nyusi. Mpasuaji wa London, Joseph Carpue, alisoma habari hizo, akafanya upasuaji kama huo mwaka 1814, na akaandika kitabu chake mwaka 1816.

Tukitazame kisa hiki kwa jicho la mtafiti. Kipande ni kirefu, kikonyo ni chembamba, na ngozi haikufa. Kwa nini? Leo tunajua kwamba ateri ndogo hupanda kutoka pembe ya ndani ya jicho kwenda kwenye paji, na kikonyo kile cha katikati ya nyusi kinaipitisha ndani yake. Mafundi wa Pune hawakuwa na ramani ya ateri hiyo, lakini mikono yao ilishajifunza pa kukata na pa kuacha. Ushahidi ulikuwa wazi usoni pa mtu kwamba kikonyo chembamba si lazima kiwe kikonyo dhaifu. Waliokuja baada yao walichukua karne nyingine na nusu kuukubali.

MRIJA WA SIDCUP

Vita Kuu ya Kwanza ilileta majeraha ya uso kwa wingi usiowahi kuonekana. Kusini mashariki mwa London, kule Sidcup, hospitali maalumu ilifunguliwa mwaka 1917 chini ya Harold Gillies, daktari aliyezaliwa New Zealand. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa baharia Willie Vicarage, aliyeungua vibaya uso katika vita vya majini vya Jutland mwaka 1916. Oktoba 1917, Gillies alipokuwa ameinua vipande virefu vya ngozi ya kifua ili kuvipeleka usoni, aliona kingo zake zinajikunja kwa ndani. Akazishona pamoja, kipande kikawa mrija. Huko Odessa, daktari wa macho Vladimir Filatov alikuwa amefikia wazo hilo hilo kwa njia yake.

Faida ilikuwa kubwa. Wakati huo penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa, na sehemu mbichi ya chini ya flapu ilikuwa mlango wa wadudu wa magonjwa. Mrija uliufunga mlango huo. Mgonjwa aliweza kukaa wiki kadhaa na mrija wake, kisha ncha moja ikakatwa na kuhamishiwa mahali pengine, hatua kwa hatua, mpaka ngozi ya tumboni ikafika shavuni. Safari moja iliweza kuchukua miezi.

Lakini hata Sidcup, swali la nyumba ya mwisho lilijibiwa kwa uzoefu zaidi kuliko kwa ujuzi. Mpasuaji alijua kwamba flapu ndefu mno hufa ncha. Urefu gani ni mno? Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni iliyofundishwa kwa miongo mingi: urefu wa flapu upimwe kwa upana wa kikonyo chake. Kwenye mguu wa chini, sentimita moja ya urefu kwa sentimita moja ya upana. Usoni, ambako damu ni tele, unaweza kuzidisha. Ukitaka flapu ndefu zaidi, basi panua kikonyo. Kanuni ilikuwa nyepesi kukumbuka, ilionekana ina mantiki, na kila mwalimu alimrithisha mwanafunzi wake.

NGURUWE WA OXFORD

Mwaka 1970 mpasuaji Stuart Milton, aliyefanya utafiti wake Oxford, alichapisha makala ambayo kichwa chake chenyewe kiliita kanuni hiyo udanganyifu wa fikra. Alitumia nguruwe, kwa sababu ngozi ya nguruwe imeshikamana na mwili kama yetu, tofauti na ya panya, ambayo ni legelege na ina tabaka jembamba la msuli chini yake. Aliinua flapu za upana mbalimbali katika ngozi yenye ugavi wa damu wa aina moja, akasubiri, akapima sehemu iliyobaki hai. Kama kanuni ilikuwa kweli, flapu pana zingeishi kwa urefu mkubwa kuliko nyembamba. Hazikufanya hivyo. Pana na nyembamba zilikufa karibu kwenye mstari ule ule.

Turudi kwenye bomba letu ili tuone kwa nini. Tuseme mtaa una bomba moja dogo, na maji hufika nyumba ya sita tu. Manispaa inaongeza mitaa mitatu sambamba na ule wa kwanza, kila mmoja na bomba lake dogo lenye nguvu ile ile. Eneo limekuwa pana mara nne, na maji yanayoingia yameongezeka. Lakini katika kila mtaa maji bado yanafika nyumba ya sita. Hakuna nyumba ya saba iliyonufaika. Kupanua kikonyo huongeza idadi ya vijishipa. Hakuongezi nguvu ya damu ndani ya kila kimoja, na nguvu hiyo ndiyo inayoamua damu ifike wapi.

Kinachobadilisha mambo ni bomba kubwa. Flapu ambayo ndani ya kikonyo chake inapita ateri yenye jina, inayokwenda kwa urefu wa flapu yenyewe, huishi mbali zaidi, hata kikonyo kikiwa chembamba kama cha Pune. Mwaka 1973 Ian McGregor wa Glasgow na mwenzake Morgan waliziweka flapu katika makundi mawili kwa msingi huo: zile zenye ateri inayopita katikati yake, na zile zinazotegemea vijishipa vya kubahatisha. Mwaka huo huo kutoka Melbourne, Rollin Daniel na Ian Taylor walitangaza hatua kubwa zaidi. Kama uhai wa flapu umo katika ateri moja na vena yake, kwa nini tukihifadhi kikonyo? Walichukua ngozi ya kinena, wakaikata kabisa, wakaipeleka mguuni, na kwa msaada wa hadubini wakaiunganisha mishipa yake na ya mguu kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Hii ndiyo flapu huru. Ile miezi ya mrija wa Sidcup ikawa kazi ya siku moja. Leo katika vituo vyenye uzoefu flapu huru hufaulu kwa zaidi ya asilimia 95.

KITABU KILICHOLALA

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya katika jarida la lugha.

Mwaka 1889, kule Strasbourg, ambako wakati huo kulikuwa chini ya Ujerumani, kijana Carl Manchot alichapisha kitabu juu ya ateri za ngozi ya mwanadamu. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari, rika la wengi wetu. Eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa. Ilikuja mwaka 1895. Manchot alipasua maiti, akafuatilia kwa mkono na jicho kila ateri inayopenya kutoka ndani na kuingia kwenye ngozi, kisha akachora mwili mzima kama ramani ya wilaya, wilaya 40, kila moja na ateri inayoilisha. Mwaka 1936 Michel Salmon wa Marseille alirudia kazi hiyo kwa kutumia eksirei na dawa inayoonyesha mishipa kwenye picha, akapata wilaya zaidi ya 80.

Hiyo ndiyo ramani ambayo wapasuaji wa nchi zinazosema Kiingereza waliihitaji walipokuwa wakipima urefu kwa upana. Kitabu cha Manchot kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1983, na cha Salmon mwaka 1988. Kimoja kilikaa takriban miaka 94 katika Kijerumani, kingine zaidi ya miaka 50 katika Kifaransa. Hatusemi kwamba lugha ndiyo sababu pekee. Huenda wengine walikiona kitabu na wasione kina kazi gani kwao. Lakini ni vigumu kufuata ramani ambayo huwezi kusoma majina yake.

Ian Taylor na mwenzake John Palmer waliichukua ramani hiyo wakaipa kina. Mwaka 1987 walionyesha kwamba ateri haimiliki ngozi peke yake. Inamiliki bonge zima la mwili kuanzia ngozi kupitia mafuta na msuli hadi mfupani. Kila bonge waliliita angiosomu, na walihesabu yapata 40. Muhimu kwa ncha yetu ni mipaka. Kati ya wilaya moja na jirani yake kuna vijishipa vyembamba vinavyounganisha pande mbili, kama koki zilizofungwa nusu kati ya bomba la mtaa huu na la mtaa ule. Siku za kawaida hazina kazi kubwa. Flapu inapoinuliwa na wilaya ya jirani kubaki bila ateri yake, damu lazima ipite kwenye koki hizo. Kuvuka mpaka mmoja mara nyingi kunawezekana. Kuvuka wa pili ndiko kunakoua ncha. Kwa hiyo mstari wa weusi tunaouona siku ya tatu haukutokea ovyo: mara nyingi ni mpaka wa wilaya.

KUKAWIA KWENYE FAIDA

Kuna hila moja ya zamani ambayo ramani hii imeieleza vizuri. Wapasuaji wa tangu enzi waligundua kwamba flapu ikikatwa kwa awamu huishi kwa urefu mkubwa kuliko ikikatwa mara moja. Siku ya kwanza unakata pande mbili tu, unaacha ncha imeshikana, unashona na kungoja. Baada ya wiki moja au mbili unamaliza kukata na kuihamisha. Njia hii huitwa kuchelewesha. Tagliacozzi aliitumia katika karne ya 16, na mrija wa Gillies ulinufaika nayo.

Watafiti walibishana kuhusu sababu. Wengine walisema ngozi hujizoeza kuishi na hewa kidogo. Wengine walisema mishipa yenyewe hubadilika. Majaribio ya Taylor na wenzake kwa wanyama yalionyesha zile koki za mpakani zikitanuka, na kutanuka kwingi zaidi kulitokea kati ya saa 48 na 72 baada ya ukataji wa kwanza. Mishipa haikuwa mipya. Ni ile ile ya zamani iliyolazimika kufanya kazi kubwa na ikapanuka kuikabili.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito. Flapu huru inataka hadubini, nyuzi za bei kubwa, wapasuaji wawili watatu na wauguzi wa kuiangalia usiku kucha. Kuchelewesha kunataka kisu kile kile, uzi wa kawaida na subira. Hospitali ya wilaya isiyo na hadubini inaweza kuwa na ramani ya mishipa. Karatasi na kalamu ya kuchorea ngozi si ghali.

DAMU IINGIAYO LAZIMA ITOKE

Tumesema sana juu ya damu kuingia. Flapu nyingine hufa kwa sababu damu haikuweza kutoka. Ateri ina ukuta mnene na nguvu ya moyo nyuma yake; vena ni laini, na hubanwa kwa urahisi na bendeji iliyokaza, na uvimbe, na shingo iliyolala vibaya. Vena ikibanwa, flapu hujaa, huvimba, na damu mpya hukosa pa kuingia. Mwisho wake ni ule ule.

Vitabu vya kiada vinafundisha kutofautisha hali hizi mbili kwa rangi. Ateri ikiziba, ngozi hupauka na kuwa baridi. Vena ikiziba, hugeuka buluu au zambarau. Hapa msomaji wetu ana haki ya kuuliza: ngozi ya nani? Juu ya ngozi nyeusi kama zetu nyingi, kupauka na kuwa buluu huonekana kwa kuchelewa au hakuonekani kabisa, na saa zinazopotea kwa kutokuona ndizo saa ambazo flapu ingeweza kuokolewa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba hata kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kinaweza kuonyesha kiwango cha juu kuliko hali halisi, na kwa wagonjwa weusi kosa hilo hutokea mara nyingi zaidi. Somo ni kwamba kipimo kilichozoeshwa ngozi moja hakitoshi kwa nyingine.

Kwa bahati nzuri damu ina dalili nyingine. Gusa kwa mgongo wa mkono: je, flapu ni baridi kuliko ngozi ya jirani yake? Bonyeza kidogo na uachie: inajaa tena polepole mno, ishara ya ateri, au kwa haraka mno, ishara ya vena? Je, imekuwa ngumu na imevimba, au imelegea na kusinyaa? Daktari au muuguzi aliyefunzwa akichoma kwa sindano nyembamba, damu nyekundu inayotoka kwa utulivu ni habari njema. Damu nyeusi inayobubujika papo hapo humaanisha vena. Kutotoka damu kabisa humaanisha ateri. Kipo pia kifaa cha Dopla chenye umbo kama kalamu, kinachotoa mlio wa damu inapopita. Mlio haujali rangi ya ngozi.

Na vena ikibanwa, hatua za kwanza ni nyepesi: legeza bendeji, toa nyuzi mbili tatu, rekebisha mlalo wa mgonjwa, mwite mpasuaji. Hata ruba, mdudu wa vinamasini anayenyonya damu, bado anatumika katika hospitali za kisasa, kwa kuwa mate yake yana kemikali inayozuia damu kuganda. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilimruhusu rasmi mwaka 2004.

KUTOKA SIDCUP HADI KILIMANJARO

Hadithi hii ina tawi lililofika kwetu. Gillies alimfundisha ndugu yake wa ukoo, Archibald McIndoe, ambaye katika Vita Kuu ya Pili aliwatibu marubani walioungua kule East Grinstead, kusini mwa Uingereza. McIndoe naye aliwafunza Michael Wood, Mwingereza, na Tom Rees, Mmarekani. Mazungumzo ya hao watatu, wapasuaji wa ngozi na maumbile wote, kwenye miteremko ya Kilimanjaro ndiyo yaliyozaa mwaka 1957 huduma ya madaktari wa ndege ya Afrika Mashariki, ambayo leo tunaijua kwa jina la Amref. Waliruka kwenda kwenye hospitali za mbali kutengeneza midomo iliyopasuka, makovu ya moto na majeraha ya wanyama.

Ndege ile ilimfikisha mpasuaji, ikamrudisha. Flapu ilibaki wodini. Nani aliiangalia usiku? Hali hiyo haijabadilika sana. Katika wodi yenye muuguzi mmoja na vitanda vingi, anayeiona flapu saa nane za usiku ni mama wa mtoto, aliyelala kwenye mkeka kando ya kitanda. Kama hajui anachokitazama, nyumba ya mwisho haina mlinzi. Na hatajua kama hatujaweza kumwambia kwa lugha yake.

Basi tulijaribu. Wanachama wetu wa udaktari na uuguzi walikaa na wale wa fasihi, tukaandika maneno ambayo muuguzi angeweza kumwambia mama huyo. Haya ndiyo tuliyofikia:

"Mama, ngozi hii tuliyomhamishia mwanao iko hai, na inakunywa damu kupitia hapa, kwenye kikonyo. Tafadhali usiruhusu kitu chochote kipabane hapa: shuka, kamba ya nguo, wala mkono wake mwenyewe. Asiilalie. Afunikwe asipate baridi, maana baridi huibana mishipa. Mtu yeyote asivute sigara karibu naye; moshi wa tumbaku nao hubana mishipa. Kila ukiamka, iguse hivi kwa mgongo wa mkono, kisha gusa ngozi ya pembeni. Ukiona hii imekuwa baridi kuliko ile, au imevimba na kuwa ngumu, au imebadilika rangi kuliko ulivyoiona jioni, usingoje asubuhi. Niamshe. Hutanisumbua."

Wenzetu wa fasihi ndio waliosisitiza sentensi ile ya mwisho. Wanajua jinsi mama zetu wanavyoogopa kumsumbua muuguzi.

Yapo maneno ambayo hatukukubaliana. Je, angiosomu iitwe wilaya ya damu? Kuchelewesha kuitwe kuzoeza? Na kikonyo, je, muuguzi wa Tanga, wa Kisumu na wa Bukavu wote watalielewa, au kila mmoja ana neno lake linalofaa zaidi? Wasomaji mliowahi kufanya kazi wodini, au mliowahi kukaa kwenye mkeka ule, tuleteeni maneno yenu kabla ya toleo lijalo. Tutayachapisha yote pamoja na maagizo yaliyosahihishwa, ili anayekwenda nyumbani likizo aweze kuyabeba mfukoni.